Naomba ushauri: mdahalo wa Marekani na washirika wake

Wakuu, shikamooni na habari za jioni. Nafundisha historia kidato cha sita hapa Tanga. Ijumaa nasimamia mdahalo: "Ugomvi wa sasa wa Marekani na marafiki zake wa Ulaya haujawahi kutokea."

Wapingaji wameshiba. Wana mgogoro wa mfereji wa Suez 1956, Marekani ilipowabana Uingereza na Ufaransa, tena kupitia pauni, sarafu ya Uingereza, hadi wakaondoa majeshi Misri. Wana Rais de Gaulle kuitoa Ufaransa kwenye kamandi ya pamoja ya NATO, umoja wa kijeshi wa Marekani na washirika wake, 1966 (ikarudi 2009), na Ufaransa na Ujerumani kugomea vita ya Iraq 2003.

Waungaji mkono ndio wananitoa jasho. Wanataja ushuru wa Marekani kwa bidhaa za Ulaya na Greenland, kisiwa cha Denmark ambacho Trump alisema anakitaka, basi, kinachofuata ni kelele. Nimewaongezea kifungu cha 5 cha mkataba wa NATO wa 1949 (akishambuliwa mmoja, wameshambuliwa wote), kilichotumika mara moja tu, baada ya Septemba 11, 2001, kwa ajili ya Marekani yenyewe. Bado hoja haijakaa. Mzee mmoja barazani Ngamiani kaniambia "vita vya panzi, furaha kwa kunguru". Tamu kwenye kahawa, mdahaloni haitoshi.

Naomba mnisaidie mawili: wajibuje Suez, wakati pale Marekani haikudai ardhi ya mshirika? Na waanze na Greenland au na ushuru?