Ati hesabu ya darasa la tatu inanishinda!

Mnamjua. Simtaji, lakini mtu yeyote wa kompyuta hapa Kisumu ameshasikia funguo zake zikilia kiunoni kabla hajamwona mwenyewe. Leo asubuhi, mbele ya vijana wanne wa atachimenti, ameniambia: "Hesabu ya darasa la tatu inakushinda."

Darasa la tatu, jamani!

Programu yangu ya kupima nafasi ilimwonyesha bakapu za siku saba zimekula GB 2,100. Diski yenyewe ni ya GB 500! Hata mtoto wa kuuza njugu Kondele angeuliza zimeingiaje. Kasoro niliiona tangu mwezi jana. Data ni GB 300, na kwa vile tulivyoipanga rsync, ile programu ya kunakili bakapu, faili isiyobadilika hainakiliwi upya, inapewa tu jina jingine kwa hadilinki. Majina saba, inodi moja, yaani rekodi moja ya faili kwenye diski. Programu ikawa inahesabu kila jina kama faili mpya. Nikarekebisha: faili yenye jina zaidi ya moja, shika namba ya diski na namba ya inodi, ukikutana nazo tena ruka. Zote mbili, maana namba ileile ya inodi inaweza kuwa kwenye diski nyingine. du yenyewe, amri ya kupima nafasi zinayokula faili, haihesabu hadilinki mara mbili! Yeye akakataa: "Usiguse kinachofanya kazi."

Leo amefuta siku sita ili aokoe GB 1,800. Nafasi iliyorudi ni kiduchu. Ingerudi vipi, na jina la saba bado limeshikilia data ileile? Ndipo akanigeukia, mbele ya watoto wa watu. Darasa la tatu. Mmoja akacheka. Kile kicheko bado nakisikia.

Bakapu za siku sita zimeenda, na asiyejua kuhesabu ni mimi!

JaKondele: Pole omera. Si ndiye aliyetuambia kufuta ikoni kwenye skrini kunaongeza kasi?

NyarAhero: Lakini programu ni yako, kasoro ni yako. Mwezi mzima ulingoja nini?

Mwenye uzi: Nimesema ALIKATAA! Soma! Mbele ya vijana wanne!

MtuWaNakuru: Hadilinki ni afadhali. Juzi nimefuta faili ya logi ya GB 40, df, ile amri ya kuonyesha nafasi ya diski, haikusogea hata kidogo. Kumbe kuna programu bado imeifungua. Nimekesha hadi nikaipata na kuizima.

JaKondele: Wewe una stima ya kukeshea. Huku imepotea mara tatu leo, UPS inalia kama mbuzi wa Krismasi.

NyarAhero: Betri imekufa hiyo. Kuna fundi karibu na soko la Kibuye, anabadilisha ukingoja.

MtuWaNakuru: Anaitisha ngapi? Ninazo mbili.

Mwenye uzi: Jamani, DARASA LA TATU!

NyarAhero: Zako ni za volti 12?