MJADALA: Tamasha la bure Zanzibar, gharama alipe nani?

Wadau salaam. Kuna hoja inazunguka sana hapa Unguja, vijiweni na kwenye magrupu, kwamba haya mashirika yanayoandaa matamasha pale Ngome Kongwe yamezidi kulialia, kila mwaka hela hakuna, kila mwaka mfadhili kajitoa, basi kama tamasha haliwezi kujiendesha kwa tiketi zake bora life. Upande wa pili wanasema serikali ilichukue iliendeshe yenyewe. Mie siko huku wala kule na nitasema kwa nini, mnibishie mtakavyo.

Kwanza tukumbushane maana watu tunasahau haraka. Sauti za Busara, lile tamasha la muziki la kila Februari, inaandaliwa na Busara Promotions, shirika lisilo la faida lililoanzishwa 2003, tamasha la kwanza likapigwa Februari 2004. Likaenda mwaka hadi mwaka, likapata jina Afrika nzima, halafu 2016 halikufanyika kabisa. Hakuna aliyelipiga marufuku, hela za wafadhili hazikutimia tu, na ikabidi watangaze mapema kwamba mwaka huo hakuna kitu. Likarudi 2017. Ikaja korona, 2021 likafanyika lakini la siku mbili tu. Na si wao peke yao, chuo cha muziki cha DCMA pale mjini ambacho tangu 2002 kinafundisha watoto wetu taarab, ganuni, udi na ngoma, nacho 2019 kilifika pahala pa kutangaza kwamba milango inaweza kufungwa, sababu ni ile ile, wahisani wa nje wamepunguza mkono. Yaani mtu anabadilisha sera huko Ulaya, huku kwetu mpiga ganuni anakosa kazi.

Sasa nyie wa "lijiendeshe kwa tiketi", hebu tuhesabu pamoja. Spika, taa, mafundi mitambo, jenereta la akiba maana umeme wetu mnaujua, bendi ya watu kumi kutoka Mali au Afrika Kusini na ndege zao na vyumba vyao na chakula, walinzi, usafi. Ukitaka vyote hivyo vitoke kwenye tiketi lazima bei ipande, na ikipanda ndani ya Ngome watabaki watalii na wafanyakazi wa mashirika, kijana wa Kwahani au Jang'ombe atasikiliza muziki kwa nje ya ukuta. Ndio maana mwenyeji analipa kidogo na mgeni analipa zaidi, mie hilo naliona haki kabisa wala sioni ubaguzi wowote. Halafu kuna vitu havina tiketi hata ukitaka. Lile gwaride la ufunguzi linalopita barabarani na ngoma na beni, utamkatia nani tiketi, yule mama aliyekaa barazani kwake? ZIFF, wale wa tamasha la filamu la hapa Zanzibar, nao wamekuwa na utaratibu wao wa kupeleka filamu vijijini Unguja na Pemba, skrini inawekwa uwanjani watu wanakaa chini wanaangalia. Bajeti ikibana vya kukatwa mwanzo ni hivi, kwa sababu haviingizi hata senti, na ndivyo pekee vinavyomfikia mtu asiyekuja mjini. Kwa hiyo ukisema tamasha lijilipe lenyewe, kwa maana nyingine umesema sehemu ya bure ife.

Najua kuna atakayeniletea Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya. Kweli, Makunduchi kila Julai watu wanachapana mapande ya migomba, kibanda kinachomwa, wanawake wanaimba, mgeni yeyote anakaribishwa chakula na hakuna ubalozi uliolipia. Hoja nzuri na mimi naipenda, lakini angalieni gharama iko wapi. Iko jikoni kwa kila nyumba. Makunduchi nzima ni wenyewe, mtu akisema mwaka huu tusifanye watamuona kachanganyikiwa. Muulize kijana wa mjini tamasha la Februari ni la nani, wengi watakujibu "la wazungu", ingawa wanaobeba nyaya na wanaopanda jukwaani wengi ni watu wa hapa hapa. Hapo ndipo tatizo lenyewe lilipo kwa maoni yangu, hela zinafuata baadaye. Kitu ambacho mtaa haukioni kuwa chake hakiwezi kuchangiwa.

Na nyie wa serikali. Bagamoyo tunao mfano, chuo cha sanaa cha tangu 1981 ambacho leo ndio TaSUBa, ni taasisi ya serikali na tamasha lake lipo mpaka kesho, sikatai, faida yake ipo. Lakini mie naogopa siku msanii anataka kuimba habari za ardhi ya ufukweni iliyokwenda kwa hoteli, na anayesaini hundi ya tamasha ndiye aliyesaini na ile hati. Hatakatazwa, hapana, ataambiwa tu ratiba imejaa. Na hotuba jamani, mgeni rasmi, msafara wa mgeni rasmi, watu wanasubiri masaa mawili juani. Tunazijua shughuli zetu.

Pendekezo langu ni jingine na wala si jipya, wazee wetu wa pwani walilijua zamani: mali ya kudumu. Mji Mkongwe umejaa nyumba za wakfu, kodi ya nyumba inakarabati msikiti, inalisha wanafunzi wa madrasa, na aliyeiweka keshakufa zamani. Kwa nini shirika la tamasha lisiwe na nyumba mbili tatu za kupangisha, kodi yake ifungwe kwa kazi moja tu, vitu vya bure, gwaride na filamu za vijijini na mafunzo ya watoto? Wafadhili na wadhamini waendelee na jukwaa kubwa, wakijitoa jukwaa litapungua lakini mtaa haukosi. Najua masheikh watasema wakfu wa muziki haupo, sawa, tusiuite wakfu, iandikwe amana chini ya sheria za kawaida yaishe.

Za kununulia zitoke wapi? Mgeni akilala hoteli hapa analipa tozo kila usiku, na Februari vyumba vya mjini vinajaa kwa ajili ya tamasha hilo hilo, wenye hoteli wanavuna na wengi hawachangii kitu. Kipande cha tozo kitolewe mara moja kwa ajili ya kununua mali, si kila mwaka, kwa sababu ikiwa kila mwaka tumerudi kwenye kuomba, tumebadilisha tu mlango wa kubisha hodi. Na sisi wenyewe tusijifanye masikini sana, kadi ya mchango wa harusi ikija mtu anakopa alipe.

Udhaifu wa wazo langu nauona. Nyumba za chokaa na boriti zinakula hela, lile jumba la kale la Beit el Ajaib lipo hapo hapo jirani na Ngome na Desemba 2020 liliporomoka sehemu huku kila mtu akijua ni bovu. Kwa hiyo isinunuliwe nyumba kwa sababu ni nzuri kwenye picha, bora hata maduka ya kawaida tu kule Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, hayana milango ya nakshi lakini kodi inaingia.

Linalonisumbua kweli ni nani aishike hati. Mkiwapa wanaoendesha tamasha peke yao siku wakidaiwa watauza. Mkiwapa serikali tumerudi kule kule. Mie nasema bodi iwe na wasanii, mtu wa DCMA, masheha wa shehia ambazo gwaride linapita na mhasibu wa kulipwa kutoka nje, na kuuza kuhitaji sahihi za wote. Nishaambiwa bodi ya hivyo haitakubaliana hata juu ya chai. Aliyewahi kukaa kwenye bodi ya skuli au ya msikiti aje aseme, kwenu ilifanyaje kazi?