Tuliomaliza kemo na mionzi ya limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) miaka mingi iliyopita, mwili unasemaje? Tupeane uzoefu

Mzee wa Kayole: Jioni njema wandugu. Nilipatwa na Hodgkin, aina moja ya limfoma, 2006, kemo miezi sita kisha mionzi ya shingo na kifua. Bado nipo. Ila mwaka juzi nilianza kuchoka ovyo, nasikia baridi Januari wenzangu wakitokwa jasho, uzito unapanda na sahani ni ileile. Mama watoto akasema ni uzee. Kumbe ni tezi la shingo, mionzi ilikuwa imelidhoofisha polepole miaka yote hiyo. Sasa kila asubuhi nameza kidonge, halafu naikodolea macho chai nusu saa nzima. Nyinyi je?

Dada wa Umoja: Mimi ni moyo. Mnaikumbuka ile dawa nyekundu, sista anaisukuma taratibu kwa sindano, ukienda haja mkojo nao mwekundu? Hiyohiyo ndiyo iliyouumiza. Miaka 11 baadaye nikawa nahema nikipanda ngazi (lifti ya ploti yetu ni pambo). Kliniki moja ikanipa dawa ya pumu mara mbili. Hawakuuliza kama niliwahi kuugua saratani, nami sikusema, nilishaapa kutolitaja tena hilo jina. Picha ya moyo ndiyo iliyofichua siri: unasukuma damu kwa nguvu pungufu.

Baba Pacha: Yangu ilikuwa limfoma nyingine, si Hodgkin, na nilipata kemo tu bila mionzi. Vidole vya miguu vina ganzi mpaka leo, slipa hunivuka nisijue. Watoto niliambiwa nisitarajie. Mapacha wako gredi ya nne.

Mzee wa Kayole: 😂 Hongera! Dada, ulibaki na karatasi za matibabu?

Dada wa Umoja: Faili lilipotea. Lakini mama alikuwa ameficha kadi ya kemo ndani ya Biblia, dozi zote zimeandikwa kwa kalamu. Daktari wa moyo alipoiona aliipiga picha papo hapo, akajumlisha ile nyekundu niliyopata yote.

Shosh Mtarajiwa: Wasichana mliopigwa mionzi kifuani, ulizeni kuhusu kupimwa matiti mapema. Mimi nilipigwa nikiwa na 22, daktari akanianzisha vipimo nikiwa na 30. Nikadhani anataka pesa zangu. Mwaka wa tatu wakaona kauvimbe, kadogo kama ndengu. Kalitolewa.

Kijana wa Rongai: Nimebakisha dripu mbili. Hiyo kadi naiomba kwa nani?

Dada wa Umoja: Kwa sista wa kemo, siku ya mwisho, kabla hujatoka mlangoni. Usikubali kuambiwa "rudi wiki ijayo".