Naomba ushauri: raba za breki za baiskeli ya traiali, ringi imepigwa grainda

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wazoefu wa traiali, zile baiskeli zisizo na siti, za kurukia mawe na mapaleti bila kugusa chini kwa mguu.

Niko Uingereza. Yangu ni ya inchi 26, nyuma ina Magura HS33, breki ya mafuta inayobana ringi. Breki yenyewe sina ugomvi nayo. Niliinunua mkononi, ringi ikiwa tayari imekwanguliwa kwa grainda ili raba zishike vizuri, ila mikwaruzo imeshalainika. Ukipitisha ukucha haukwami. Nikisimama na gurudumu la nyuma tu juu ya ukingo wa ukuta, linateleza kidogo kwanza ndo linashika. Juzi nimechunika ugoko, pedeli hizi zina meno jamani.

Nimesafisha ringi kwa spiriti, nimepiga raba msasa, nimetoa hewa kwenye mpira wa mafuta na kuzipanga raba ziguse ringi sawasawa. Nafuu ilidumu siku mbili. Kupaka lami kwenye ringi ili raba zishike sitaki: pakavu inashika kweli, lakini kwa mvua za huku ikilowa inakuwa sabuni.

Sasa, kwa ringi ya grainda nichukue raba ngumu au laini? Na je, nipige grainda upya kabla ya kununua, au raba mpya zitatosha? Ukuta wa ringi naona bado mnene, ila kuipiga tena naogopa.