Naanza Flutter kwenye laptop ya RAM 8, nirekebishe nini kwanza?

Kinda_wa_Kodi: Habari zenu wakuu. Nataka programu moja iende Android na iPhone, ndiyo maana nimechagua Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu. Laptop ni Windows, RAM GB 8. Flutter na Android Studio zimeshaingia, ila `flutter doctor` (amri ya kukagua kama kila kitu kiko sawa) inaonyesha alama nyekundu kwenye Visual Studio na ya njano kwenye Android toolchain (zana za kujengea programu za Android). Naomba mwongozo.

FundiDart: Mkuu, Visual Studio achana nayo. Inahitajika kwa programu za kompyuta za Windows tu, itakumalizia bando bure. Ya kuandikia kodi ni VS Code, kitu kingine kabisa na nyepesi. Weka nyongeza ya Flutter, ya Dart (lugha ya Flutter) inakuja nayo.

Shughulika na hiyo ya njano. Android Studio > SDK Manager > SDK Tools, weka tiki kwenye *Android SDK Command-line Tools*, bonyeza Apply. Kisha `flutter doctor --android-licenses`, jibu `y` kila ikikuuliza.

Bi_Gradle: Naongezea. Folda ya Flutter isikae kwenye `C:\Program Files`: jina lina nafasi katikati, na pale panadai ruhusa za msimamizi. Iweke mfano `C:\src\flutter`, uongeze `C:\src\flutter\bin` kwenye Path.

Kwa RAM hiyo usihangaike na emulator (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta), tumia simu halisi. About phone, gusa Build number mara 7, halafu washa USB debugging. `flutter devices` isipoiona simu, badilisha waya kwanza. Nyingi ni za kuchajia tu.

`flutter run` ya mara ya kwanza huchelewa sana kwa sababu Gradle, zana inayojenga programu ya Android, inapakua vitu vyake. Bando likikata katikati, faili hubaki nusu na utaona `zip END header not found`. Usianze kufuta Flutter! Ingia `.gradle\wrapper\dists` kwenye folda yako ya mtumiaji, futa folda ya toleo lile, rudia.

Kinda_wa_Kodi: Alama zote kijani sasa, isipokuwa Visual Studio. Shukrani. Na iPhone je?

FundiDart: Kodi utaandikia hapo hapo, ila kuijenga ya iPhone lazima upate kompyuta ya Apple (macOS) yenye Xcode, zana yao ya kujengea programu. Kwa hiyo kila pakiti unayotaka kuongeza, hakikisha pub.dev (tovuti ya pakiti za Flutter) inaonyesha iOS, yaani iPhone, vinginevyo utakuja kuandika upya. Na ukibadilisha kitu ndani ya `main()` au `initState`, `r` (ya kupakia mabadiliko haraka wakati `flutter run` inaendelea) haitakuonyesha mabadiliko. Bonyeza `R` kubwa, programu ianze upya.