Mnaowafurusha ndege wa Mida Creek ili mpate video, mmetuchosha!

Jamani, leo nasema. Mwenye kukasirika akasirike.

Jumamosi ilikuwa bamvua, yale maji makuu yanayojaa na kupwa kupita siku nyingine. Nimekaa na binamu yangu kwenye kile kibanda cha kuangalia ndege kule Mida Creek, hori letu la Watamu pwani ya Kenya, mwisho wa daraja la mbao linalopita mikokoni. Maji yamejaa, ndege wamesongamana kwenye kipande cha mchanga kilichobaki, wametulia. Mara ikaja boti ya mashine, mbio, ikiwaelekea wao moja kwa moja. Mwongozaji amesimama mbele anapiga makofi na miluzi. Mgeni wake ana simu mkononi, na juu inazunguka droni. Kundi zima likaruka. Likazunguka hori, likatafuta pa kutua, likarudi palepale kwa sababu hapakuwa na pengine. Na wale wakawarusha TENA, eti video ya kwanza haikutoka vizuri!

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Yule mwongozaji akanijibu huku anacheka: "Mama, ndege wana mabawa, kazi yao ni kuruka."

Haya. Wacha nikueleze kazi yao, kwa kuwa wewe unalipwa kuwaeleza wageni na hujui.

Hawa vitwitwi na sululu, ndege wanaochokoa tope la pwani, hawaji Watamu kupunga upepo. Wanaanza kufika Agosti, wengine wametoka kuzaliana Siberia, kaskazini kabisa ambako theluji ikianguka hakuna wadudu wala tope la kuchokoa. Yule kitwitwi mdogo mwenye mdomo uliopinda kidogo kwenda chini, mliyemrusha mara mbili, ana uzito wa gramu 60 hivi, sawasawa na yai la kuku. Sasa kaskazi inaelekea mwisho. Huu ndio wakati wa kujaza mafuta mwilini ili Aprili aweze kuondoka. Mwangalieni mwezi huo kama bado hamjamfukuza: kijivu kinamtoka, kifua kinageuka chekundu kama matofali. Hayo manyoya mapya nayo yanatengenezwa kwa chakula cha hapa Mida.

Na chakula anakipata maji yakipwa tu. Usiku au mchana, wao wanafuata maji, hawafuati jua. Maji yakijaa, tope lote limefunikwa, hana cha kula, kwa hiyo anasimama apumzike na mlo usagike tumboni. Ukimrusha saa hiyo unamchomea akiba ambayo hawezi kuirudisha mpaka maji yatoke. Siku ya bamvua ndiyo mbaya zaidi, maana maji yanapanda zaidi ya mita 3 kutoka yalipokuwa yamepwa na mchanga wa kusimama unabaki kidogo sana. Boti zikija nne asubuhi moja, kila moja na video yake, hesabu mwenyewe.

Kuna kingine kilichoniuma. Kwenye lile kundi walikuwepo wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, wageni wanawaita crab plover. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja Mida kwa ajili ya huyo mmoja. Anazaliana pwani za Uarabuni na Somalia, anachimba shimo mchangani kama panya na kutaga humo yai moja tu. Moja! Mtoto anasafiri na wazazi mpaka huku na bado analishwa, utamsikia anavyolialia nyuma ya mama yake. Ukilitawanya kundi, huyo mtoto anabaki anazunguka peke yake. Binamu yangu alimuona kwa darubini, akaniuliza sasa huyu atampataje mama yake. Sikuwa na jibu.

Na msinijie na habari ya riziki. Mimi ni mtu wa hapa, najua njaa ya msimu mbovu. Ila ada inayolipwa pale darajani inachangia karo za watoto wetu wa sekondari, na mgeni analipa ili aone ndege. Wakihama wote, mtamuonyesha nini? Mikoko? Tena wageni wanaojua ndege hawapendi huo ujinga. Wapo waliogeuza wakaondoka siku ileile.

Kinachonichekesha kwa uchungu ni kwamba hakuna haja ya kuwafukuza hata kidogo. Nenda mapema, maji yakiwa bado yanapanda. Kaa kibandani, funga mdomo. Maji yenyewe yanawasogeza ndege, hatua kwa hatua, mpaka unawaona kwa macho bila darubini. Waongozaji wazee wa Mida wanalijua hili tangu zamani. Hawa vijana wa boti za ufukweni wamejifunza wapi?

Hapa ni hifadhi ya bahari tangu 1968, siyo uwanja wa sarakasi. Kurusha droni bila kibali ni kosa. Nilipiga simu ofisi inayohusika hapohapo nikiwa kibandani, nikaambiwa "tumesikia, tutafuatilia". Wafuatilie lini, Aprili ndege wakishaondoka?

Ninachotaka hakihitaji mkutano wala bajeti. Kalenda ya maji inajulikana mwaka mzima, bamvua haimshtukizi mtu. Siku hizo askari mmoja wa hifadhi akae pale mchangani kwa yale masaa machache ya maji kujaa. Boti ikikaribia, mashine izimwe, wasukume kwa pondo au wabaki mbali. Mwongozaji akipiga makofi anyang'anywe kitambulisho.

Picha ya ile boti ninayo, na rangi yake inaonekana vizuri. Bamvua nyingine inakuja na mwezi mpevu. Nitakuwa palepale kibandani, na safari hii nakuja na wazee wa kijiji. Mwenye boti akisoma hapa, ajue.