Mrejesho: ile nyumba ya Mkomani tumeichukua

Wapendwa, mtanikumbuka. Niliuliza wiki moja baada ya harusi: mimi na mume wangu tuchukue ghorofa ya juu ya nyumba ya kale Mkomani, hapa Lamu, au vyumba viwili vipya kule Wiyoni kwa kodi nafuu? Wengi mlisema Wiyoni. Tumekwenda Mkomani, mnisamehe.

Kuta za mawe ya matumbawe ni nene, hata joto la kaskazi halituchomi sana, na madaka, vile vishubaka vya ukutani, yamenitosha kwa vyombo. Lakini kitanda! Punda walikifikisha salama kutoka gatini, kikakwama kwenye ngazi. Fundi akakikata miguu. Sasa ni kama tunalala mkekani. Mama mkwe alicheka hadi akakaa chini.

Mlionionya kuhusu maji mlisema kweli. Mchana hayapandi juu, basi mume wangu huamka kabla ya alfajiri kujaza mapipa (analalamika, lakini anajaza). Boriti moja ya mkoko imeliwa na mchwa, mwenye nyumba ameahidi kuibadilisha kabla ya masika. Ndiyo maana tumelipa miezi mitatu tu, si sita alivyotaka.